Sifuri ya Mbele

Bweni la wanachuo, chumba namba 31
3 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Msimamizi wangu amesema leo asubuhi kwamba kati ya karatasi arobaini na moja za darasa la tano ulizonitumia, thelathini na tatu zina kosa moja, lile lile, kwenye swali lile lile. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, akazipanga mezani kama karata.

Ni swali la sita: panga kuanzia ndogo hadi kubwa, 0.4, 0.05, 0.3. Watoto thelathini na watatu wameiweka 0.05 mwisho. Kwao ndiyo kubwa kuliko zote. Niliwaomba waeleze pembeni kwa maneno yao, na wengi wameandika kitu kama “ni tano kwa hiyo inaizidi nne.” Mmoja ameandika tu, “mlinzi nimempita.” Msimamizi akaniuliza mlinzi ni nani. Nikamwambia nitakuuliza, ingawa wewe na mimi tunamjua.

Usidhani nimekuja na fimbo. Hapa tunafundishwa kwamba mtoto hakosei ovyo, hukosea kwa kanuni, na kazi ya mwalimu ni kuitafuta hiyo kanuni. Sisi ishirini na wawili wa mwaka huu wote ni walimu wa kazini. Mkubwa wetu ana miaka hamsini na moja na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ya kwanza. Kila mmoja amekuja na karatasi za shule yake, na hakuna mwenye rundo kama langu. Kwa wenzangu makosa yametawanyika: mmoja kazidisha, mwingine kajumlisha, wa tatu kachora ndege. Yangu yamesimama mstarini kama gwaride.

Naomba unijibu mambo mawili. Nani anafundisha desimali sasa, na anaanzaje? Na wale wanane waliopata, walisomea wapi kabla?

Nasikia paa la stoo linavuja tena. Lisogeze kabati lako la madaftari. Wasalimie nyumbani, hasa binti yako muuguzi, ambaye hadi leo namwita mdogo wangu.

Robo


Ofisi ya idara ya hisabati
10 Machi

Robo,

Marahaba. Barua yako imefika na basi la Jumamosi. Wenzako wa hapa wananiuliza kwa nini nisikupigie simu. Nimewaambia kwenye simu utanikatiza, kwenye barua huwezi.

Anayefundisha desimali darasa la tano ni mimi, tangu ulipotuacha Septemba, na ninaanza pale pale nilipoanza na wewe ukiwa huna meno mawili ya pembeni. Sifuri ya mbele ni mlinzi wa mlango, mpite uingie ndani. Ng'oa sifuri, fanya hesabu, rudisha nukta. Wanaimba hadi vioo vya madirisha vinatikisika. Kwa wimbo huo shule hii imekuwa ya kwanza wilayani mara kumi na moja, na wewe mwenyewe umepanda nao hadi chuo kikuu. Mtihani wa mwisho una swali moja la desimali. Katika miaka ishirini na tisa sijaona hata moja lenye sifuri baada ya nukta. Mimi nashona viatu kwa miguu iliyopo.

Wale wanane unaowasifu ni wageni. Walihamia Januari, shule yao ilipofungwa. Wimbo hawajaushika bado. Wape muda, watazoea.

Msimamizi wako mwambie hivi: mlinzi ni sifuri, na ana miaka ishirini na tisa kazini bila onyo hata moja.

Nyumbani ni wazima. Mdogo wako yuko hapa wiki ya pili sasa, wamempa mapumziko kidogo. Analala, anafagia, analala. Fundi viatu wa getini hajafungua tangu mwisho wa Februari na kiatu changu cha kushoto kiko kwake, kwa hiyo naingia darasani na kandambili kama mtu aliyekimbia moto. Watoto wananicheka kwa adabu.

Soma. Usije ukaturudia na maneno makubwa halafu chaki ikakushinda.

Nukta


Chumba namba 31
17 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Wale wanane ndio jibu. Msimamizi aliposoma sentensi yako, “wimbo hawajaushika bado,” alivua miwani akaiweka chini. Wanaojua wimbo wamekosa. Wasioujua wamepata. Anasema katika miaka yake yote ya kusimamia walimu hajaona kanuni ikijianika hivi.

Nimejaribu kuiweka kwa lugha yetu. Kwenye 007, sifuri ni walinzi kweli, wapite wote, ndani yumo saba. Kwenye 0.4 wimbo haudhuru. Lakini sifuri iliyo baada ya nukta si mlinzi. Ni chumba kitupu, na chumba kitupu bado ni chumba. Ukikiruka, tano iliyokuwa inakaa chumba cha pili unaihamishia cha kwanza, na inakuwa kubwa mara kumi. Mtoto hajui kama kuna kitu kimetokea. Amefuata wimbo, amerudisha nukta, anaona 0.5, anafurahi.

Sasa msimamizi anataka kujua kosa hili hudumu hadi lini. Je, mtu akikua linamtoka, au anazeeka nalo? Naomba uwape swali la sita watu wazima kumi waliosoma shuleni kwetu. Fundi viatu akirudi, mpe. Karani wa mkuu wa shule pia. Na aanze mdogo wangu, kwa kuwa yuko nyumbani hana shughuli, na kwa muuguzi desimali ni kazi ya kila siku. Yeye akipata, tutajua kwamba kazi huponya kile shule ilichokosea.

Usiwe na wasiwasi na jina la shule. Fomu aliyotia saini mkuu wa shule inasema haitatajwa popote, na ahadi hiyo inanifunga.

Robo


Ofisi ya idara
24 Machi

Robo,

Swali la sita halitapewa mtu mzima yeyote hapa.

Binti yangu umwache. Fundi viatu umwache zaidi.

Una maktaba nzima huko. Tafuta mada nyingine. Pembetatu hazina maneno mengi. Karatasi zangu arobaini na moja uzirudishe kwa basi la Jumamosi, zote, pamoja na nakala kama umezitoa.

Nukta


Chumba namba 31
31 Machi

Mwalimu,

Karatasi sirudishi. Ziliandikwa na watoto kwa idhini ya wazazi wao, na wewe ulikuwa tarishi tu.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta sababu, sikuiona. Nimeona kombe. Makombe kumi na moja juu ya kabati la ofisi ya mkuu wa shule, na wewe umesimama mbele yake umetanua mikono. Ulitufundisha kwamba hesabu haina mkubwa, kwamba mtoto wa darasa la kwanza akisema mbili na mbili ni nne, waziri lazima akubali. Nilikuamini. Kumbe kuna mkubwa mmoja, naye ni wewe.

Kuna jambo nataka tuwekane sawa. Wimbo ule sikuutunga mimi. Niliukuta. Uliniimbisha nikiwa na miaka kumi, na nilipoajiriwa ulinikabidhi daftari lako la maandalio nao ukiwa ukurasa wa kwanza. Kama kuna aibu, ina mwenyewe.

Tasnifu nitaiandika.

Robo


Nyumbani
14 Aprili

Dada,

Baba hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ya mwisho niliikuta wazi juu ya meza, nikaisoma. Unisamehe. Umemwambia analinda kombe. Ananilinda mimi.

Tarehe 24 Februari mtoto wa fundi viatu wa getini alifariki wodi ya watoto. Alikuwa na miezi minne. Dawa nilimpa mimi. Nimesimamishwa kazi tangu siku hiyo. Hayo ndiyo mapumziko aliyokuandikia Baba.

Nakueleza kama nilivyoieleza bodi ya uuguzi kwa maandishi. Mimi ni wa wodi ya wanawake. Kule dawa nyingi ni vidonge, kimoja, viwili, nusu. Asubuhi hiyo wodi ya watoto ilikuwa na muuguzi mmoja, nikahamishiwa huko. Jedwali la dozi linalobandikwa ukutani lilikuwa limepelekwa kutolewa nakala. Daktari aliandika miligramu 0.05 za dawa ya moyo. Kichupa kiliandikwa miligramu 0.25 katika kila mililita moja. Nilifanya hesabu nyuma ya kasha la glavu, nikapata mililita mbili. Jibu lilikuwa sifuri nukta mbili.

Sheria ya wodi ni saini mbili. Wa kwanza anakokotoa, wa pili anakokotoa upya bila kuiona kazi ya mwenzake. Mwenzangu alikokotoa upya. Akapata mbili. Akatia saini. Bodi inasema alitia saini bila kuangalia, kwa sababu haiwezekani watu wawili, kila mtu peke yake, wafanye kosa moja. Yeye anasema aliangalia. Unamjua. Ni yule aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, tulikaa dawati moja darasa la tano.

Wakili wa chama chetu anataka niseme nilichoka. Anasema uchovu una huruma: miezi sita bila leseni, kisha nitarudi. Lakini nikisema nilikokotoa kwa akili zangu zote na hilo ndilo nililopata, sitarudi, kwa sababu hakuna atakayemrudisha wodini muuguzi asiyejua desimali. Baba yuko upande wa wakili. Dada, sikuchoka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimelala vizuri na chai nimekunywa. Na nikisema nilichoka, mwenzangu atabaki mwongo, maana kazi ya saini ya pili ni kumkamata aliyechoka. Ana watoto wawili. Ameacha kupokea simu zangu.

Siku aliyokujibu Baba barua yako ya kwanza, aliporudi alinipa swali lako la sita. Nililifanya jikoni, nimesimama, kalamu kwenye bahasha yako. Akanitazama akaniuliza, “Una uhakika?” Nikamwambia nina uhakika. Akatoka nje. Chakula chake nilikifunika hadi asubuhi.

Kuna neno moja la mwisho, na silisemi kwa kukulaumu. Baba hakuwahi kunifundisha. Alikataa, asije akaonekana anapendelea. Desimali tulifundishwa na mwalimu mpya, mwaka wake wa kwanza kazini, mwenye sauti nzuri ya kuimbisha. Tulimpenda sana. Alikuwa ni wewe.

Bodi itakaa Alhamisi tarehe 26 Juni.

Mdogo wako


Chumba namba 31
21 Aprili

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo nyingine ya barua iliyopita.

Mdogo wangu ameniandikia. Usimgombeze. Maneno yangu ya kombe nayaondoa.

Nilikuambia wimbo sikuutunga. Ni kweli. Niliuimbisha tu, miaka kumi na miwili. Juzi nilikaa nikajumlisha madarasa niliyopitia kutoka mahudhurio ninayoyakumbuka, nikafika watoto mia nne themanini na kitu. Nikaanza kujiuliza wako kazi gani sasa. Nikamkumbuka mmoja anayechanganya dawa za kupulizia mashambani, mwingine yuko kwenye mitambo ya maji. Nikaacha.

Nilimsimulia msimamizi bila kutaja jina la mtu. Akazichukua zile karatasi thelathini na tatu akazisukuma upande wangu wa meza. Akasema bodi inadhani watu wawili hawawezi kufanya kosa moja kila mtu peke yake, na hapa wako thelathini na watatu. Kinachomsafisha yule mwenzake wa mdogo wangu ni karatasi zangu. Saini ya pili haikuwa ya uongo. Ilitoka darasa moja na ya kwanza.

Lakini nikizipeleka mbele ya bodi, nimeitaja shule, na nikiitaja shule nimeivunja fomu. Kamati ya maadili ya chuo itaifuta tasnifu. Nitatakiwa kuanza upya na shule nyingine, na ruhusa yangu ya masomo inaisha Desemba. Kwa hesabu yoyote, hata ile yetu ya kuruka sifuri, muda hautoshi. Nikirudi bila shahada, mwajiri hanipi ruhusa nyingine. Msimamizi hakunishauri kitu. Alisema tu nifikirie, nisifikirie kwa muda mrefu.

Nimewaza njia ya pili. Kila mwaka ulikuwa unachukua daftari moja la mwanafunzi kutoka kila darasa na kulifungia kabatini, liwe mfano kwa wanaofuata. Madaftari yale hayamo kwenye utafiti wangu. Naomba uniambie kama la darasa la tano la mwaka wangu wa kwanza bado lipo.

Na naomba uniambie kwa kalamu yako mwenyewe utasema nini tarehe 26 Juni.

Robo


Ofisi ya idara
12 Mei

Robo,

Marahaba mbili.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na mtu mmoja wa kuonana naye kwanza, na miguu ilikuwa haitaki.

Nianze na ninachokijua. Tarehe 24 Februari binti yangu alirudi nyumbani saa sita mchana na sare ya kazi mwilini, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanieleza. Nilimwamini kwamba ni bahati mbaya. Jumamosi ya pili yake barua yako ikaja na swali la sita. Nikakujibu kwa jeuri, kama kawaida yangu. Lakini neno “mlinzi nimempita” lilinifuata hadi nyumbani, nikampa bahasha aandike. Kuanzia hapo nilijua. Nikanyamaza miezi miwili. Nilijiambia wakili ndiye mjuzi, uchovu ndio mlango mwepesi, na yule mwenzake atapata pa kujishikiza. Nilimweka binti wa mtu kwenye mizani na wangu, nikabonyeza upande mmoja kwa kidole. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kunakiliana majibu.

Fundi viatu alifungua wiki iliyopita. Nilikwenda saa kumi, wanafunzi walipokwisha kutoka. Kiatu changu kilikuwa tayari, kimesuguliwa. Alinipa bila kunitazama. Nikamwambia siondoki, nina neno. Nikamweleza yote: wimbo, sifuri, saini mbili, binti yangu na mwenzake. Nilimwambia kwamba mtoto wake hakuuawa na usingizi wala uvivu. Aliuawa na kitu nilichokifundisha mimi.

Alisikiliza huku akipaka gundi. Nilipomaliza akaniomba nimwonyeshe hiyo hesabu. Nilichukua chaki mfukoni nikaiandika kwenye kipande cha soli: 0.05 kugawanya kwa 0.25. Aliiangalia, midomo ikicheza. Nilijua anaimba. Alikuwa mwanafunzi wangu, Robo, kundi la miaka mitano kabla yako, na alikuwa hodari. Akachukua chaki akaandika mbili.

Kisha akaniuliza, “Kwani si mbili, Mwalimu?”

Nilimfundisha pale pale, pale chini, kwa chaki na soli. Ilichukua dakika kumi. Miaka ishirini na tisa, na ilikuwa kazi ya dakika kumi. Alipoelewa aliifuta ile soli kwa kiganja, akairudisha kwenye kapu la soli nyingine. Akasema atakuwepo kwenye kikao. Hakusema atasimama upande gani, na sikumuuliza.

Darasa la tano nimewaambia Ijumaa kwamba mlinzi amefukuzwa kazi. Niliandika 0.05 ubaoni, nikachora vyumba, nikaeleza. Walielewa haraka kuliko mkubwa yeyote. Mapumziko walitoka nje wakiuimba ule ule wa zamani, wakiruka kamba. Wimbo hausikii barua ya kufukuzwa. Itanibidi nitunge mwingine, na naogopa kutunga.

Mkuu wa shule ameniomba nistaafu kabla ya tarehe 26, ili niseme kama mtu binafsi na makombe yasiguswe. Nimekataa. Nilikosea nikiwa mwalimu, na nitasema nikiwa mwalimu. Wakili ameacha kunisalimia. Binti yangu amemwandikia kwamba neno uchovu liondolewe kwenye maelezo yake. Anajua maana yake. Juzi nilimkuta anaikunja sare ya kazi, akaiweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mtu huweka kitu asichokusudia kukishusha.

Sasa daftari. Mvua ilichukua rafu mbili za chini, nimezika madaftari kama maiti. Lako lilikuwa rafu ya juu, limepona. Mwaka ule nilichagua la aliyekuwa wa kwanza darasani, na sikutaka liwe la binti yangu. Ni la mwenzake, yule wa mkono wa kushoto. Fungua ukurasa wa kumi na saba.

Sijamwonyesha mtu. Bodi haijui kama lipo, wakili hajui, wasichana wenyewe hawajui. Mimi nitasimama kwa mdomo wangu na daftari langu la maandalio, lile ulilonirudishia Septemba, na huenda likatosha, huenda lisitoshe. Mzee mmoja anayemtetea mwanawe, watasema. Lile linatosha zaidi, na lina mwandiko wa mtu asiye wa nyumba yangu. Nimelifunga kwenye gazeti nakutumia. Ukitaka lifike bodini, njoo nalo. Ukitaka shahada yako, lichome, nami sitauliza. Nimeshawaamulia wengi.

Nukta


Chumba namba 31
2 Juni

Shikamoo Mwalimu,

Daftari limefika Jumamosi, kavu. Ukurasa wa kumi na saba una hesabu kumi. Ya nne ni 0.05 kujumlisha 0.3. Amejibu 0.8, kwa mwandiko ulioegemea kushoto. Kando yake pana tiki nyekundu, na chini ya ukurasa pameandikwa: “Kumi kwa kumi. Vizuri sana, usibadilike.” Kalamu ni yangu. Nakumbuka hata ilivyokuwa ikivuja kidoleni.

Niliupeleka ukurasa huo kwa msimamizi. Nilimwambia daftari halimo kwenye utafiti, lakini nikisimama nalo, kila mtu atajua shule ni ipi na karatasi arobaini na moja zilitoka wapi. Alisema ni kweli. Akanipa fomu ya kujieleza mbele ya kamati ya maadili, nikaijaza hapo hapo ofisini kwake. Kamati inakaa Jumatatu tarehe 30 Juni, saa nane mchana. Siku hiyo nitajua kama bado ni mwanafunzi.

Nimemwandikia yule wa mkono wa kushoto kumwambia kwamba aliangalia. Hajajibu.

Karani wa bodi amenithibitishia leo kwa simu: Alhamisi tarehe 26 Juni, saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili, chumba namba nne. Mashahidi wafike nusu saa kabla, na kila kielelezo kiwe mkononi mwa shahidi atakayekitoa. Wewe umeandikwa shahidi wa kwanza, mimi wa pili. Nitashuka kwenye basi Jumatano jioni. Daftari litakuwa mkobani, na kalamu nyekundu pia, kama watataka kulinganisha mwandiko.

Robo